Tuhesabu Kabla ya Kununua Vifaranga

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kupanga kabla ya kuanza biashara. Neno hili "mpango" limehubiriwa sana katika semina hata wengine wakilisikia wanaanza kusinzia. Kwa hivyo leo tutachukua biashara moja tu, kuku wa mayai, kwa sababu vikundi vingi vinaitaka, tuihesabu toka kifaranga mpaka trei. Wenye kinu cha posho au ng'ombe wa maziwa nao wasikilize, maana kuhesabu ni kule kule.

Katika Luka mlango wa 14, Yesu anatoa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara. Angalieni kwamba shida ya mtu yule haikuwa uvivu. Msingi aliuweka. Kilichomshinda ni kwamba mali ilimwishia katikati, na watu wakamcheka.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea. Walikuwa na bidii sana. Walichukua mkopo, wakajenga nyumba nzuri ya kuku, wakanunua vifaranga 100 vya siku moja. Chanjo walichanja, bruda ilikuwa na joto, walikufa vifaranga wachache tu. Lakini mkopo ulianza kulipwa mwezi uliofuata, na kuku hawatagi mwezi unaofuata. Mwezi wa nne pesa za chakula zikaisha. Walichanga kidogo kidogo, halafu wakaanza kulaumiana, halafu wakapunguza chakula. Mwishowe waliwauza kama kuku wa nyama, kwa bei ya hasara, karibu mwezi mmoja kabla ya yai la kwanza. Mkopo ulibaki. Mama mmoja aliuza mbuzi aliyekuwa amemwekea mtoto karo.

Sasa tuhesabu, kila mtu atoe kalamu.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hivi mpaka 20. Kabla ya hapo kila mmoja atakuwa amekula chakula kama kilo 7, wengine hata 8. Kuku 100 ni kilo 700. Hizo ni gunia 10 za kilo 70, na bado hamjaona yai hata moja! Andikeni gunia 10. Ongezeni vifaranga wenyewe, nyumba, makaa ya bruda, na chanjo za Gumboro, kideri na nyinginezo atakazowaambia afisa wa mifugo. Jumla hiyo yote lazima muwe nayo mkononi, au mjue kwa hakika itatoka wapi na tarehe gani, kabla hamjaenda kuchukua vifaranga. Na kama ni mkopo, muulizeni mkopeshaji kwanza: tutaanza kulipa lini? Akisema mwezi ujao, basi mkopo huo si wa kuku wa mayai. Huenda ukafaa biashara ya kuuza mboga sokoni, ambayo pesa hurudi jioni.

Tuendelee. Tuseme wamefika 90, maana wengine hufa. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku. Hao 90 watakula karibu kilo 11 kila siku, yaani kwa mwezi ni karibu gunia 5. Mayai nayo, tuseme ni 70 kwa siku. Wakitunzwa vizuri wanaweza kupita hapo, lakini ni heri kupanga kwa 70 na kushangaa kwa furaha. Kwa mwezi ni mayai 2,100, nayo ni trei 70.

Kwa hivyo mnalinganisha gunia 5 na trei 70. Hatutawatajia bei, kwa sababu bei ya Kitui si ya Kakamega, na hata hii ya leo wiki ijayo itakuwa nyingine. Nendeni agroveti muulize bei ya gunia, halafu mwende kwa mwenye duka muulize yeye atanunua trei kwa ngapi. Si bei anayouzia, ni ile atakayowapa ninyi. Kama bei ya gunia moja ni sawa na trei 10, basi trei 50 zitakwenda kwa chakula na 20 zitabaki za dawa, usafiri, mlinzi, mkopo na faida. Gunia likifika trei 14, kuku wamekula trei zote 70 na ninyi mnafanya kazi ya bure. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye kiganja cha mkono, lakini ni vikundi vichache tunavyovikuta vimeifanya.

Soko nalo si la kudhania. Walio karibu na Busia wanajua mayai ya Uganda yakiingia bei huanguka. Shule zikifungwa, mwenye kibanda aliyekuwa akichemshia wanafunzi mayai hanunui tena. Ongeeni na wanunuzi watatu au wanne mapema, muandike majina yao na kiasi watakachochukua kwa wiki.

Jambo jingine ni zamu. Kuku hajui Jumapili, wala hajui kuna matanga. Nani atalisha siku kijiji kizima kimekwenda mazishi? Andikeni zamu na mbandike ukutani. Tunasema hivi kwa sababu magomvi mengi tuliyoitwa kusuluhisha yalianzia kwenye maji na jembe, hayakuanzia kwenye pesa.

Halafu faida. Vikundi vingi hugawana zote Desemba, watu wakanunua mchele na nguo za watoto, jambo zuri. Lakini kuku huyo hutaga vizuri kama mwaka mmoja hivi, kisha mayai hupungua mpaka halipi tena chakula chake. Mkitaka mayai yasikatike, vifaranga wengine wanunuliwe karibu miezi 5 kabla ya kuwauza wazee, na tena kuna zile gunia 10. Pesa hizo hutengwa kila mwezi toka trei ya kwanza, katika akaunti ya kikundi. Kama mnatengea kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mtu mwaminifu namna gani, mnamjaribu bure.

Kwa wale ambao hawajajisajili: sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi inataka wanachama wasiopungua 10, na katiba. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu watawaeleza. Hilo msiliogope.

Baada ya chai tutagawana karatasi. Kila kikundi kikae peke yake, kiandike gunia zake, trei zake, na mwezi ambao pesa zitakuwa chache kuliko miezi yote. Mkiona mwezi huo hauwezi kuvukwa na kuku 100, jaribuni tena na 40. Mwenyekiti asiandike peke yake. Mpeni kalamu yule mama wa nyuma asiyependa kusema, maana mara nyingi ndiye anayejua bei ya chakula cha kuku.