Amri Tatu za Yoabu: Kutii Usipokubaliana

Ndugu wazee na wainjilisti,

Tukiombwa kufundisha utii, wengi wetu hufungua Warumi 13 na mjadala ukaishia hapo. Sura hiyo ina uzito wake, hasa ukikumbuka kwamba waliopelekewa walitawaliwa na Kaisari asiyemjua Kristo. Lakini haituonyeshi mtu aliyepewa amri na moyo wake umeikataa. Kwa hilo nimemchagua Yoabu mwana wa Seruya, jemadari wa Daudi. Si mtakatifu, mikononi ana damu ya Abneri na Amasa. Ila mfalme huyohuyo alimpa amri tatu, na kila moja aliipokea kivyake.

Ya kwanza ilikuja kwa barua (2 Samweli 11). Aliyeibeba ni Uria Mhiti mwenyewe, kutoka Yerusalemu hadi kambini Raba, asijue kwamba amebeba kifo chake. Yoabu akaisoma, akampanga Uria mahali alipojua pana mashujaa wa adui. Hakuuliza Uria amekosa nini. Askari wengine nao wakafa, na Yoabu akamfundisha mjumbe namna ya kumpasha mfalme habari. Utii wa namna hii wakubwa huupenda sana, nami ndio unaonitisha kuliko uasi. Shifra na Pua, wakunga tu, waliambiwa na Farao waue watoto wa kiume wa Waebrania, wakakataa. Jemadari mwenye jeshi zima nyuma yake hakuthubutu hata kuuliza.

Ya pili ilitolewa langoni, jeshi zima likisikia: Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi, asidhurike (2 Samweli 18). Absalomu akanaswa kichwa kwenye mwaloni, nyumbu wake akapita. Askari mmoja alimwona, hakumgusa. Yoabu akamkaripia, akisema angempa vipande kumi vya fedha na mshipi. Yule askari akajibu kwamba hata kwa elfu moja asingenyosha mkono, maana agizo la mfalme alilisikia. Tena mambo yakiharibika, Yoabu mwenyewe angemkana. (Huyu alimjua bosi wake!) Yoabu akaenda kumchoma Absalomu kwa mkono wake. Huenda hoja alikuwa nayo: Absalomu akibaki hai, uasi unarudi. Basi mbona hakuitoa pale langoni, Daudi akiwa amesimama mbele yake?

Ya tatu ni ile ya kuwahesabu watu (2 Samweli 24). Safari hii alisema. Kwanza alimtakia mfalme watu waongezeke mara mia, ndipo akamwuliza jambo hili analitakia nini. Neno la mfalme likashinda. Yoabu akavuka Yordani, akaanzia Aroeri, akazunguka nchi mpaka Beer-sheba kwa miezi 9 na siku 20. Tauni ilipoua watu 70,000, Daudi aliungama kwamba kosa ni lake, watu hawana hatia. Alikuwa ameonywa mapema, ana kwa ana.

Hatua hiyo ndiyo inayokosekana kwetu. Kwenye kamati tunaitikia, ajenda inapita, kisha kikao cha pili kinaanza nje chini ya mwembe, na huko ndiko uamuzi unakosusiwa. Mwenyekiti anakuja kushtuka michango imedorora, wala hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Hata hivyo Yoabu hakumaliza kazi ile ya kuhesabu. 1 Mambo ya Nyakati 21 yasema aliacha kuwahesabu Walawi na Wabenyamini kwa kuwa alichukizwa na amri ile. Walawi walikuwa na kinga: sheria ya Musa, katika Hesabu 1, ilikataza wahesabiwe pamoja na makabila mengine. Wabenyamini hawakuwa nayo. Kwa maoni yangu, kwa Walawi Yoabu alitii sheria iliyo juu ya mfalme; kwa Wabenyamini alifanya mgomo baridi. Wapo watakaonipinga, na makundi yaanzie hapo. Kila kundi lije na mfano mmoja wa “Benyamini” kutoka usharikani kwake, bila kutaja majina.