Ruthu Alibakiza Chakula

Leo tufikiri pamoja juu ya mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya, yaani uhusiano na upendo.

Tufungue kitabu cha Ruthu. Naomi alitoka Bethlehemu na jamaa yake kwa sababu ya njaa, wakakaa Moabu. Huko mume wake akafa, na wanawe wawili wakafa, naye akabaki na wakwe zake wawili, Orpa na Ruthu. Hawa wote walikuwa wakwe sawasawa. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Naomi akawaambia warudi kwa mama zao. Orpa akalia, akambusu, akaenda zake. Biblia haimlaumu, kwa maana alitimiza wajibu wake. Lakini Ruthu alikataa kumwacha. Kilichomfunga kwa Naomi kilikuwa kimekwisha kaburini; kilichobaki kilikuwa upendo mtupu.

Na upendo huo haukuishia njiani. Katika sura ya pili Ruthu anaokota masazo katika shamba la Boazi. Wakati wa chakula alipewa bisi, akala, akashiba, akabakiza. Jioni alirudi na shayiri aliyoipura, kadiri ya debe moja hivi. Kisha akatoa na kile chakula alichobakiza, akampa mkwewe. Shayiri ile ilikuwa haja ya nyumba. Lakini bisi zile zinatuonyesha kwamba hata alipokuwa akila, alimkumbuka mama mzee aliyekaa nyumbani.

Neno hili lilinichoma mimi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilimtumia mama yangu pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, wala sikukosa hata mara moja. Nilijiona mwana mwema. Siku moja nilifika nyumbani kwa matanga ya jirani, nikamkuta akipapasa mezani kutafuta kikombe. Macho yake yalikuwa yamefifia, nami sikujua. Nikasema, "Mama, mbona hukuniambia?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe huniuliza kama pesa zimefika. Nami hukujibu kwamba zimefika."

Juma lililofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Lakini miezi aliyopapasa peke yake siwezi kumrudishia.

Ndugu yangu, uhusiano ni kama jiko, na upendo ni moto wake. Jiko laweza kuwa zuri na watu wote wakalisifu, lakini bila moto hakuna atakayeshiba. Mume na mke waweza kukaa nyumba moja, mmoja akaugua moyoni na mwenzake asijue. Twaweza kuketi benchi moja kanisani miaka mingi, tukajua jina la mtu tusijue mzigo wake.

Mungu hakutupenda kwa kuwa tulikuwa na haki juu yake. Alitupenda tulipokuwa mbali, akamtoa Mwanawe.

Basi leo, kabla ya kulala, mfikirie mtu mmoja ambaye umemtimizia wajibu bila kumwuliza hali. Nenda kwake, au mpigie simu. Usianze na habari za pesa wala kazi. Mwulize habari zake, kisha unyamaze umsikilize.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipotoa vitu tukanyima mioyo. Utufundishe kukumbuka wenzetu hata tunapokula. Kwa jina la Yesu, Amina.