Tusiwanyang'anye Wazee Wetu Kazi

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya wahudumu wa wazee majumbani, Sumbawanga.

Baridi ya Ufipa asubuhi hii si ya mchezo, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ni teknolojia na tiba kazi katika matunzo ya wazee. Tiba kazi ni utaalamu wa kumsaidia mtu aliyepungukiwa nguvu, viungo au kumbukumbu aweze tena kufanya shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kupika, kutunza bustani. Mtaalamu wa tiba kazi haishii kuuliza, "Unaumwa wapi?" Huuliza pia, "Ni jambo gani ulilokuwa ukilifanya, na sasa limekushinda?" Kisha hutafuta njia: kukizoeza kiungo, kubadili namna ya kufanya, au kubadili chombo na mahali.

Sisi majumbani mara nyingi tunafanya kinyume. Bibi akipata kiharusi tunamwondolea jembe, mwiko na ungo. Tunamwambia, "Bibi, pumzika, watoto wapo." Tunasema hivyo kwa upendo. Lakini mkono usiotumika hukakamaa, mguu usiokanyaga huishiwa nguvu, na mzee asiyeulizwa neno kutwa nzima mwisho hunyamaza. Tukimfanyia kila kitu tunamnyang'anya hata kile kidogo alichobaki nacho.

Ni nini basi kinachowezekana hapa kwetu? Yako mengi yasiyohitaji mfadhili. Kijiko kinachoponyoka kifungeni mpini kwa kitambaa na kipande cha tyubu ya baiskeli, unene ufike wa kushikika. Sahani inayoteleza iwekeni juu ya kitambaa chenye unyevu. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo la choo, na pembeni akasimika nguzo ya kushikilia. Kwa mzee asiyeona vizuri, fungeni kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Kizingiti kirefu kichongwe au kiwekewe ngazi ndogo. Mzee akivunjika nyonga, familia nzima hubadilika maisha.

Kuhusu kuvaa, kumbukeni kanuni moja: mkono uliopooza huingizwa kwanza kwenye nguo, na hutolewa mwisho. Hilo peke yake linaweza kumfanya mzee avae mwenyewe. Na kwa mazoezi ya vidole tuna vifaa tayari: kuchambua maharage na kupukuchua mahindi. Ni mazoezi, na ni msaada wa kweli kwa nyumba. Mzee anajua tofauti ya kazi inayohitajika na mchezo wa kumpumbaza.

Sasa niseme juu ya kumbukumbu, maana hapa ndipo penye hatari. Mzee anasahau majina ya wajukuu, anatoka usiku asijue anakokwenda, anamshutumu mkwewe kwa wizi. Majirani wanaanza kunong'ona. Nchi yetu imezika akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza. Nasi hapa Rukwa tunajua jinsi maneno ya uchawi yanavyosemwa kwa wepesi. Ndugu zangu, kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa. Unaitwa dimensia.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa katika watu 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, takribani 6 walikuwa nao. Watafiti huko walitengeneza kipimo kisichomdai mzee kujua kusoma wala kuandika, kinachoitwa IDEA. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutajiwa maneno ili ayakumbuke baadaye, hutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, kisha hupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano alioonyeshwa. Baadaye kipimo hicho kiliwekwa kwenye programu ya simu kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini. Hiyo ndiyo teknolojia inayotufaa: njiti za kiberiti na simu ya mkononi.

Hukohuko Hai walijaribu tiba ya vikundi iliyoanzia Uingereza: vikao 14 kwa wiki 7, wazee wakikaa pamoja kuzungumza, kuimba, kutaja vyakula na kukumbuka ya zamani. Waliipanga upya ili imfae asiyesoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri, katika hofu na katika mwenendo wa wagonjwa. Haikuondoa ugonjwa, lakini iliwapa nafuu. Je, sisi tutashindwa kuwaketisha wazee watano wa mtaa mmoja, wawaeleze vijana jinsi ntumba zinavyotengenezwa, nyasi zikifukiwa chini ya tuta?

Tahadhari mbili. Kwanza, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au kuchanganyikiwa kwa ghafla si mambo ya kusubiri. Mpelekeni mzee hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa kiharusi, na kuchanganyikiwa kunaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine unaotibika. Pili, mzee asilazimishwe. Aulizwe yeye anataka kurudia kazi gani.

Wataalamu wa tiba kazi ni wachache, na KCMC, Moshi, wanakofundishwa, ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kwa hiyo ninawaomba viongozi tufikirie kumsomesha kijana mmoja wa kwetu. Wakati tukimsubiri, kila mhudumu achague mzee mmoja, amwulize lile swali la mtaalamu, na kabla ya robo ijayo alete jibu pamoja na kitu kimoja alichokibadilisha katika nyumba ile.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Watanzania waliofikisha miaka 60 na zaidi walikuwa takribani asilimia 5.7. Wengi wetu humu tunaelekea huko. Utu uzima dawa, tunasema. Basi tusiiache dawa hiyo ikae kimya pembeni ya jiko.