Bwana Oriedo na Vichuguu vya Kitui



Homa ni jina moja, lakini maradhi yaletayo homa ni mengi. Mtu wa Kitui aliposhikwa na homa ya siku nyingi, bandama ikavimba na mwili ukakonda, ilikuwa rahisi kudhani kwamba ana malaria. Dawa ya malaria haikumsaidia neno. Katika miaka ya 1952 na 1953 watu wengi wa wilaya hiyo waliugua hivyo, nao ugonjwa huo, usipotibiwa kwa dawa yake, humwua karibu kila umshikaye. Jina lake ni kalazari.

Vijidudu vya malaria huingia katika ini, kisha katika chembe nyekundu za damu, na mletaji wake ni mbu. Vijidudu vya kalazari hukaa katika bandama, ini na uboho wa mifupa. Mletaji wake ni usubi, mdogo kuliko mbu, tena hana mlio. Ng'ambo ya Mto Athi, huko Makueni, katika miaka ya 1940 vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kwa kuwa maficho yake yalijulikana. Je, usubi wa Kitui alijificha wapi?

Swali hilo walilishika Daktari Brian Southgate na Bwana Blasio Vincent Oriedo. Bwana Oriedo alizaliwa mwaka 1931 huko Bunyore, nchi ya mvua nyingi, mbali na ukame wa Ukambani. Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu wa vijidudu hukaa ndani siku zote na darubini yake. Darubini ni ya lazima, kweli, lakini jawabu la swali hili halikuwa juu ya meza. Ilipasa kuwafuata wagonjwa hata nyumbani kwao, na kutazama wanaishi karibu na nini.

Habari walizokusanya zilichapwa mwaka 1962, nazo zilielekea kwenye kitu ambacho kila Mkamba amekiona tangu utoto wake: kichuguu. Waliougua zaidi walikuwa wa kiume, wakubwa kwa wavulana. Hao ndio waketio jioni katika thome, uwanja wa mazungumzo nje ya nyumba, na mara nyingi kichuguu kiko karibu. Ndani ya mashimo ya kichuguu mna ubaridi na unyevu, hata jua la Kitui likiwaka namna gani. Usubi hushinda humo mchana, na giza liingiapo hutoka kutafuta damu.

Huo ulikuwa ushahidi wa mazingira tu. Mwenye kosa hakukamatwa kisu mkononi. Lakini mwaka huo huo Daktari Heisch na wenzake, waliokuwa wakimwinda mdudu mwenyewe, walimtaja usubi aitwaye Phlebotomus martini, naye ni mkazi wa vichuguu.

Southgate na Oriedo wakaendelea na jambo gumu zaidi: kwa nini kalazari hushika mahali fulani na kuacha pengine? Walitafuta jawabu katika kinga ya miili ya watu. Makala yao ilichapwa mwaka 1967, na jina la Bwana Oriedo limo. Mwenyewe hakuiona. Alikuwa amefariki dunia Januari 1966, naye umri wake miaka 34.