Barua zetu zikae fasi gani?

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, ofisini Majengo



Mkutano uliopita kijana wetu mmoja alisimama: kwa nini majina ya watu wetu yakae kwa kampuni ya Marekani? Tununue ordinatere, iwe seva yetu, barua pepe zote zipite humu ofisini. Wengi mulipiga makofi, na hatuwacheki. Ndani ya barua hizo muko majina ya waliorudi, vijiji vyao, namba za simu, hata nani anagombea shamba na nani. Orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mubaya, mutu anaweza kufa.

Lakini tuhesabu kwanza. Seva inataka umeme usiku na mchana, intaneti isiyokatika, na mtu wa kuiangalia kila siku. Mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, siku tano nyuma yake gavana aliamuru mitaa kumi ihame, Majengo ikiwa ndani. Nani angebeba seva, ama mtoto? Januari 2025, vita ilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Seva ya mwenye kutuandikia ikikuta yetu imelala, inajaribu tena na tena, kwa kawaida siku nne ama tano, kisha inamrudishia barua yake. Mfadhili aliuliza «muko wazima?», anajibiwa na mashine.

Na kutuma njo kugumu zaidi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai mtumaji athibitishe kwamba jina ni lake kweli. Barua ikitoka kwenye intaneti ya nyumbani, mara nyingi inahesabiwa ya matapeli, inatupwa katika taka bila mtu kujua.

Sasa musifikiri tunasifu makampuni. Tulipokimbia 2025, simu ya katibu ilipotea. Akaunti ikaomba namba ya siri iliyotumwa kwenye karta ile ile iliyopotea. Majuma matatu tulikaa inje ya mlango wetu wenyewe. Barua zilikuwa salama kabisa. Sisi njo hatukuwa na funguo. Kosa letu, tunakubali.

Kwa hiyo tunaomba kamati inunue jina letu la intaneti, liandikwe kwa shirika, si kwa mtu. Bei yake ni dola chache kwa mwaka. Barua zibaki kwa kampuni, lakini siku tukikosana nayo tunahamia kwingine na anwani haibadiliki. Funguo ziwe kwa watu watatu, mmoja akae inje ya Goma. Orodha za majina zifungwe kwa neno la siri mbele ya kutumwa, na neno hilo lisemwe kwa simu, lisiandikwe katika barua ile ile.

Kijana wetu amekubali kutoa nakala kila mwisho wa mwezi. Mama mweka hazina amechukua funguo ya kwanza, ndugu yetu wa Bukavu ya pili. Ya tatu ingali mezani.