MAZUNGUMZO: UTUNZAJI WA MAGAZINI ZA BASTOLA KATIKA HALI YA HEWA YA VISIWANI



Mazungumzo haya yametayarishwa kwa ajili ya watunza ghala za silaha, walinzi wa mali ya umma na raia wenye leseni ya bastola. Yanahusu kifaa kidogo ambacho mara nyingi hupuuzwa, nacho ni magazini, yaani kile kikasha cha chuma kinachobeba risasi ndani ya mpini wa bastola. Hata asiyekuwa na silaha yanamhusu, kwani bastola iliyotunzwa ovyo haimdhuru mwenyewe peke yake.

Wengi huusafisha mtutu mpaka ukang'ara, kisha wakairejesha magazini pamoja na vumbi lake. Matokeo yake huonekana siku ya haja. Mlinzi anayelinda fedha za mishahara usiku hufyatua. Risasi ya kwanza hutoka, ya pili haipandi. Mtutu hauna kosa. Kosa limo katika kikasha ambacho hakikufunguliwa tangu masika yaliyopita.

MAGAZINI NA SEHEMU ZAKE

Magazini ya kawaida ina sehemu nne: mwili, springi, kisukumio kinachokaa juu ya springi na kuzipandisha risasi, na kitako kinachoziba chini. Juu ya mwili kuna midomo miwili iliyopindwa kwa ndani, ambayo huishika risasi mpaka slaidi, yaani chuma cha juu kinachoteleza, ije kuisukuma kuingia chemba. Magazini ya bastola ya Makarov, iliyopokelewa na jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, hubeba risasi 8; ile ya kawaida ya Browning Hi-Power ya mwaka 1935 hubeba 13. Idadi hutofautiana, lakini kazi ni moja, na kila sehemu ikiharibika bastola nzima huwa haitegemeki.

ADUI WA CHUMA PWANI

Hewa ya visiwani ina unyevu na chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka hewani na kuyashikilia juu ya chuma, na hapo ndipo kutu huanza. Jasho la mkono nalo lina chumvi. Mfuko wa ngozi, ijapokuwa ni mzuri wa kubebea, hunywa unyevu na kuukalisha ubavuni mwa chuma. Kwa hiyo haufai kuwa mahali pa kuhifadhia silaha kwa siku nyingi. Mchanga laini wa pwani huingia kwa juu, baina ya midomo, na kutua chini penye springi, ambako jicho halifiki mpaka kitako kifunguliwe.

KABLA YA KUSAFISHA

Hatua ya kwanza haina badali. Bastola huelekezwa upande usio na mtu, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Magazini hutolewa, slaidi huvutwa nyuma, na chemba hutazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Inasisitizwa kwamba kutoa magazini si kuitoa bastola risasi. Risasi moja huweza kubaki chembani, na bastola nyingi, Makarov ikiwamo, hufyatuka hata magazini ikiwa mezani. Baba anayemwambia mwanawe kwamba bastola ni tupu kwa kuwa magazini ameishika mkononi, amekosea kosa ambalo halina toba kwa aliyekwisha kufa.

Baada ya hapo risasi zote huondolewa katika magazini, huhesabiwa, na kuwekwa chumba kingine. Meza ya kusafishia haiwi na risasi hata moja.

NAMNA YA KUSAFISHA

Hufunguliwa magazini moja kwa wakati mmoja, ili springi ya hii isije ikaingia katika mwili wa ile. Katika magazini nyingi kitako kina tundu, na ndani ya tundu kuna kitufe au ncha ya springi. Kitufe hubonyezwa na kitako husukumwa mbele taratibu, huku dole gumba likiizuia springi. Springi iliyobanwa huruka kwa nguvu, na jicho halina akiba, miwani huvaliwa. Kabla ya kuitoa, huangaliwa imekaa vipi: upande gani juu na upande gani mbele. Springi iliyogeuzwa hukisukuma kisukumio kikaenda upande.

Mwili husuguliwa kwa ndani kwa brashi ya nailoni na kitambaa kikavu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Masizi ya baruti yaliyoganda hulainishwa kwa dawa ya kusafishia silaha, kisha hufutwa yote. Kutu nyepesi huondolewa kwa mafuta na kitambaa kigumu. Msasa hautumiki, kwa kuwa huondoa rangi inayokinga chuma na kukaribisha kutu mpya.

Kisha huja mafuta, na hapa ndipo wengi hukosea kwa ukarimu. Mafuta mengi hukamata vumbi na mchanga yakawa tope, na yanaweza kupenya katika kiwashio cha risasi yakaidhoofisha. Springi na mwili hupakwa tone dogo, halafu hufutwa kwa kitambaa kikavu, ubaki utando tu. Risasi zenyewe hazipakwi mafuta kabisa.

Magazini iliyoanguka baharini haingoji kesho. Hufunguliwa, husuuzwa mara moja kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa kila sehemu, ndipo ikapakwa mafuta. Anayeipaka mafuta juu ya chumvi ameifungia kutu ndani. Kazi ikimalizika mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, kwani vumbi la baruti huwa na madini ya risasi, nayo ni sumu.

UKAGUZI

Midomo hutazamwa kama imepinduka au ina ufa. Iliyopinduka hainyooshwi kwa koleo, maana tofauti ndogo tu hubadilisha namna risasi inavyoingia chemba. Mwili uliobonyea huzuia kisukumio, ambacho kinapaswa kupanda na kushuka bila ya kukwama. Springi iliyochoka hujulikana kwa dalili: risasi za mwisho hupanda kwa uvivu, au slaidi haibaki nyuma baada ya risasi kwisha katika bastola zilizoundwa kufanya hivyo. Springi hizo hubadilishwa. Hazivutwi kwa mkono zirefuke. Wako wanaodhani springi hufa kwa kubanwa tu. Springi ya chuma kizuri huchoshwa zaidi na kujazwa na kutolewa mara nyingi, pamoja na kutu. Majaribio hufanywa kwa risasi bandia zisizo na baruti, kamwe si kwa risasi za kweli ndani ya chumba.

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kila magazini ipewe nambari, na daftari lioneshe tarehe ya kusafishwa, kasoro iliyoonekana na jina la aliyeisafisha. Bastola ikikwama mara mbili na mara zote mbili ikawa na magazini nambari 3, mkosaji amekwisha kujulikana bila ya kuifungua bastola nzima. Magazini mbovu huwekwa alama na kutengwa, isirudi rafuni kwa haya ya mtu kusema kwamba ni mbovu.

Kwa magazini inayobebwa kila siku, kufutwa kila wiki na kufunguliwa kila mwezi ni mpango unaofaa; wakati wa mvua za masika na za vuli ni vyema kazi hiyo ikaongezwa. Ghala liwe kavu, lenye kupitisha hewa na kufuli imara. Nyumbani, bastola na risasi zifungiwe mbalimbali, pasipofikiwa na watoto.

Wakuu wa vituo, watunza ghala na wenye leseni wanakumbushwa kwamba kazi hii kwa magazini moja haizidi robo saa. Aliyeitoa robo saa hiyo ghalani mchana hatoitafuta mlangoni usiku.