Bunduki ya Upepo na Ushahidi wa Mfupa

Wengi huiona bunduki ya upepo kama kitu cha kuwindia ndege tu. Mfupa unasema vingine. Kirisasi cha milimita 4.5 kikipenya fuvu huacha tundu dogo kwa nje, lakini kwa ndani tundu hilo hupanuka, na vipande vya mfupa husukumwa kuelekea ubongoni. Kwa alama hiyo mchunguzi hutambua kilikotoka, hata kama imebaki mifupa mitupu. Walio hatarini zaidi ni watoto, maana mfupa wa panja zao ni mwembamba mno.

Hata hivyo, sheria za kumiliki silaha hii hutofautiana. Uskoti inadai leseni ya bunduki ya upepo tangu mwisho wa 2016. England bado inaruhusu bunduki ndefu za upepo zisizozidi takriban jouli 16 zimilikiwe bila leseni. Hilo ni kosa, lirekebishwe.